Maziwa mabichi: kabla khala hajaacha kuchemsha

Mwezi uliopita khala yangu, ndugu wa mama, aliniita barazani kwake, Langoni, hapa kwetu Amu (Lamu), akanitia simu mkononi. Ilikuwa video. Mzungu mmoja amesimama zizini, anakamua ng'ombe moja kwa moja ndani ya gilasi, anakunywa papo hapo, povu limemganda kwenye masharubu. Mtu mwingine ameweka sauti ya Kiswahili juu yake, na sauti hiyo inasema maziwa yakishaguswa na moto yamekufa, mwenye kuyanywa anakunywa maji meupe tu. Khala analea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Kila asubuhi humchemshia maziwa, akayapoza kwa kuyamimina kikombe hiki hadi kile, kisha akampa. Aliniuliza kwa unyonge ambao sijauzoea kwake: "Kumbe muda wote huu nampa mwana maziwa maiti?"

Swali hilo nimelisikia tena jeti, kwenye gati la boti, nikalisikia dukani, nikaliona limetumwa kwenye vikundi vya simu vya familia mbili tofauti. Limetoka mbali. Marekani wamekuwa wakivutana kuhusu maziwa mabichi kwa miaka mingi, na mvutano huo ulipamba moto zaidi Robert F. Kennedy Jr., mtu anayejulikana kwa kuyasifu maziwa hayo, aliposhika uwaziri wa afya Februari 2025. Habari zikifika kwetu zinakuwa zimekatwa vipande vipande, na kipande kinachosafiri haraka ni kile kinachomtia mama wasiwasi. Kwa hiyo nataka tulifungue jambo hili polepole, kuanzia kwenye maneno yenyewe.

Maziwa mabichi ni maziwa yaliyotoka kwenye chuchu ya mnyama na hayajapata moto wowote. Yanaweza kuwa yamechujwa kwa kitambaa, yanaweza kuwa yamewekwa kwenye friji. Maadamu hayajapashwa, ni mabichi. Mtindi ulioganda wenyewe kutokana na maziwa hayo nao ni mbichi, kwa sababu kuchachuka si kuiva. Hili la mtindi huwashangaza wengi.

Maziwa yaliyochemshwa tunayajua: sufuria, jiko, yakafura hadi yanataka kumwagika.

Maziwa yaliyopasteurishwa yako katikati. Yamepashwa moto kwa kipimo na kwa muda uliowekwa, kisha yakapozwa upesi, bila kufika kwenye kuchemka. Vipimo vinavyotumika sana ni nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Moto na muda hubadilishana nafasi, kama unavyojua ukipika samaki: juu ya makaa yaliyofifia atakaa muda, kwenye mafuta yanayochemka ni dakika chache. Jina lilitokana na Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, ambaye miaka ya 1860 alikuwa akishughulikia divai inayoharibika, si maziwa. Njia yake ililetwa kwenye maziwa baadaye, na mwaka 1908 Chicago ikawa jiji kubwa la kwanza Marekani kuilazimisha kisheria, wakati ambapo watoto wa mijini walikuwa wakifa kwa maziwa yaliyosafirishwa siku nzima ndani ya makopo machafu.

Yapo na yale ya boksi yanayokaa dukani miezi bila friji. Hayo yamepigwa moto mkali zaidi, nyuzi 135 au kupita, kwa sekunde chache tu, yakafungwa vijidudu visipate kuingia. Watu wengi hudhani yametiwa dawa ndiyo maana hayaharibiki. Kinachoyahifadhi ni ule moto na ule ufungaji.

Sasa angalia fundo lenyewe lilipo. Yule mtu wa kwenye video anaposema maziwa mabichi, anasema maziwa *yanayonywewa* mabichi. Sisi Amu tukisema maziwa mabichi tunasema maziwa *yanayonunuliwa* mabichi. Ukimuuliza khala anatumia maziwa gani, atakujibu "mabichi", maana hanunui ya pakiti, lakini hajawahi kuyanywa bila kuyachemsha tangu nimjue. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa Kenya haipiti kiwandani kabisa, na sehemu kubwa ya maziwa hayo huishia kwenye chai. Kule Marekani wanashindana kati ya mambo mawili, kiwanda au zizi. Sisi tuna jambo la tatu ambalo mashindano yao hayalitaji, nalo ni sufuria. Mtu akiingia kwenye mjadala ule bila kuliona hilo, ataambiwa achague kati ya pakiti na ubichi, ilhali bibi zake walishachagua zamani, na walichagua vizuri.

Hebu tuyafuate maziwa yenyewe. Kisiwani kwetu ng'ombe ni wachache. Tulio nao kwa wingi ni punda. Maziwa huvuka kutoka bara, kutoka njia ya Hindi na Witu, kwa wafugaji wa Kiorma na wenye mashamba. Mama anayemuuzia khala huamka giza. Ng'ombe wanakamuliwa kwenye saa kumi na moja alfajiri, maziwa yanaingia kwenye jerikeni za manjano zilizokuwa za mafuta ya kupikia, zinafungwa kwenye bodaboda hadi Mokowe, gati la upande wa bara, zinapandishwa boti, zinateremshwa jeti, na ikifika saa tatu asubuhi yuko mlangoni kwa khala na kata yake. Hapo yamekaa muda wa saa nne nzima, kwenye joto letu, bila barafu.

Bakteria mmoja katika hali inayomfaa hujigawa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Fanya hesabu: saa moja wanakuwa 8, saa mbili 64, saa tatu 512, saa nne 4,096. Na hakuanza mmoja. Maziwa ni chakula kamili cha mtoto, na kila kinachomfaa mtoto kinawafaa na wao. Mara nyingi hakuna harufu, hakuna rangi, hakuna uchachu. Wale wanaoyachachusha maziwa ni wengine, na wengi wao hawana ubaya. Wanaoua hawana haja ya kujitangaza. Ndiyo maana kunusa na kuonja kwa ncha ya ulimi, ambako ndiko kipimo chetu cha asili, kunakuambia maziwa yamezeeka au la. Hakukuambii kama ni salama.

Nilimwomba yule mama niitazame jerikeni yake ndani. Nikawasha tochi ya simu. Shingo yake ni nyembamba, mkono haupiti, na pale ukutani kwenye kona, chini ya mshikio, palikuwa na ukoko wa manjano mgumu kama ukucha. Alikuwa ameiosha. Huiosha kila siku, tena kwa sabuni, anaitikisa na mchanga. Lakini hakuna njia ya kukisugua usichokifikia. Hakuudhika nilipomwonyesha, alisikitika. Aliniambia mkebe wa alumini wenye mdomo mpana anaujua, ila bei yake si ya mtu anayeuza lita kumi kwa siku.

Uchafu huo ni mlango mmoja tu, mlango wa nje: kinyesi kilichogusa kiwele, mikono, nzi, maji ya kuoshea, jerikeni. Kwa mlango huo huingia bakteria wa kuharisha kama salmonela na kampailobakta, na aina fulani ya bakteria wa tumboni mwa ng'ombe wajulikanao kama E. koli O157, ambao wachache mno wanatosha kumwangusha mtoto, na wakimshika vibaya humharibu figo. Ng'ombe mwenyewe hawamsumbui hata kidogo.

Mlango wa pili uko ndani ya mnyama. Kuna magonjwa yanayopita kwenye damu yake hadi kwenye kiwele, na hapo ukamuaji uwe msafi kiasi gani, maziwa yanatoka nayo. Brusela ni mojawapo. Kifua kikuu cha ng'ombe ni kingine. Wanaoyatetea maziwa mabichi huzungumzia sana usafi, na wana haki, usafi unaufunga mlango wa nje. Wa ndani hauguswi na sabuni.

Kuna kisa cha Malta ambacho huwa nakikumbuka, kwa kuwa Malta ni kisiwa kama sisi na watu wake ni wa bahari na mbuzi. Karne ya 19 wanajeshi wa Uingereza waliokuwa huko walikuwa wakiugua homa isiyoisha. Mwaka 1887 daktari wao David Bruce akakitambua kijidudu chake, ndicho hicho cha brusela, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi. Wakalaumu hewa, wakalaumu mitaro. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari mzaliwa wa Malta, akapima mbuzi na kukuta kijidudu hicho ndani ya mbuzi wazima, wanene, wenye manyoya ya kung'aa, wale wale waliokuwa wakipitishwa nyumba kwa nyumba na kukamuliwa mlangoni kwa mteja. Maziwa mabichi kuliko hayo hayapo. Wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa ikashuka ghafla kambini. Kwa raia ilichukua muda mrefu zaidi, maana nani ataamini kuwa mbuzi wake mzuri ana ugonjwa?

Brusela niliijua nyumbani kabla sijaijua vitabuni. Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa na tabia ya kwenda bara kwa rafiki yake mfugaji, na heshima ya mgeni huko ni kibuyu cha maziwa. Akaanza homa. Inakuja jioni, anaamka shuka imelowa jasho, mchana mzima kama si yeye. Wiki mbili inapotea, inarudi. Alitibiwa malaria mara tatu kwenye zahanati moja, na homa ya matumbo mara mbili. Mgongo ukaanza kumuuma hata sala akawa anasali amekaa. Karibu miezi mitano ikapita ndipo daktari mmoja alipomuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Mzee, maziwa unakunywa wapi?" Dawa zake ni mbili kwa pamoja, tena kwa wiki 6, si vidonge vya siku tatu. Alipona, lakini ule mgongo haukurudi kama zamani. Tukiambiwa "sijawahi kumwona mtu aliyekufa kwa maziwa mabichi", mimi humfikiria ami. Hakuna aliyeandika popote kwamba ni maziwa. Kwa miezi mitano aliandikwa malaria.

Homa ya Bonde la Ufa nayo tuiseme, kwa sababu ilitufika. Mwishoni mwa 2006 hadi 2007, baada ya mvua zilizopita kiasi, iliua zaidi ya watu 150 Kenya, na Kaskazini Mashariki na Pwani zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa. Njia zake kubwa ni mbu na kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, wakati wa kuchinja hasa. Maziwa mabichi ya mnyama aliyeugua yamo kwenye orodha ya yanayotiliwa shaka, na Shirika la Afya Duniani huwaonya watu wasiyanywe wakati wa mlipuko. Yakichemshwa, shaka hiyo huondoka.

Na sasa limekuja jingine. Machi 2024 mafua ya ndege yaligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Marekani, Texas na Kansas kwanza, kisha majimbo mengine. Virusi vilikutwa kwa wingi mno kwenye maziwa yenyewe. Paka wa mashambani waliolamba maziwa hayo mabichi walikufa. Yaliyopasteurishwa yalipimwa, na moto ulikuwa umeviua virusi. Jambo hilo lingetosha kuzima mjadala, lakini huko lilizidisha hamu ya baadhi ya watu, wakaona wanafichwa kitu.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanayatetea? Tusiwafanye wajinga. Wana hoja, na baadhi ya hoja hizo zina chembe ya kweli.

Wanasema moto unaua vitamini. Ni kweli kwamba vitamini C na baadhi ya zile za kundi B hupungua kidogo, na kuchemsha hupunguza zaidi kuliko kupasteurisha. Lakini hakuna anayekunywa maziwa kwa ajili ya vitamini C. Embe moja la msimu linakupa kuliko lita nzima. Tunachokitafuta kwenye maziwa ni protini, mafuta na kalsiamu, na hivyo moto wa jikoni haviondoi. Kalsiamu ni madini. Utaichemsha hadi usiku itakuwa pale pale. Nilipomwambia khala hivyo uso wake ulianza kukunjuka.

Wanasema maziwa mabichi hayamsumbui mtu ambaye maziwa humvimbisha tumbo. Kinachomvimbisha ni sukari ya maziwa, laktosi, ambayo mwili wa watu wazima wengi, Waafrika wengi tukiwemo, huacha kuivunja vizuri. Sukari hiyo iko sawa kwenye mabichi na yaliyopikwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwajaribu watu wazima 16 wenye tatizo hilo kwa maziwa ya aina zote mbili. Mabichi hayakuwapa nafuu yoyote ya ziada. Watu 16 ni wachache, lakini jibu linakubaliana na tunachokijua kuhusu maziwa. Mwenye tumbo hilo husaidiwa na mtindi, kwa sababu wale bakteria wema wanakuwa wameshaila sehemu ya sukari. Na mtindi unaweza kutengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa: unayachemsha, unayapoza hadi vuguvugu, unatia kijiko cha mtindi wa jana, unafunika. Utaganda vizuri, tena bila kubahatisha.

Hoja yao yenye nguvu ni ya pumu na mizio. Utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya Ulaya ya kati na kutolewa mwaka 2011 ulikuta watoto waliokunywa maziwa mabichi ya shambani wana pumu kidogo kuliko wenzao. Hilo lipo, si uongo. Ila watoto hao wanaishi na mifugo, wanavuta vumbi la nyasi, wanacheza zizini, na kuvitenga hivyo vyote na maziwa ni kazi ngumu. Waliofanya utafiti huo wenyewe walikataa kuwashauri watu wanywe maziwa mabichi, kwa kuwa hatari yake inajulikana. Wanachokitafuta ni kile kitu kilichomo ndani ya maziwa, ili wakitoe bila ya ugonjwa. Video hazifiki kwenye sentensi hiyo.

Halafu kuna hoja yetu wenyewe: babu zetu walikunywa na waliishi. Hii inanigusa, kwa sababu ni ya heshima kwa wazee. Lakini tuwatendee haki kwa kuwaangalia vizuri. Mfugaji aliyekunywa alikunywa ya ng'ombe anayemjua kwa jina, dakika chache baada ya kukamua. Hakukuwa na boti wala saa nne za jua. Wa mjini alichemsha. Na wale watoto wadogo waliozikwa kwa "tumbo" na kwa "homa" hawapo kutusimulia. Mimi nimevuka kwenda Mokowe mara nyingi bila jaketi la kuokolea, nikafika salama. Hakuna nahodha wa Amu atakayekubali kwamba hiyo ni hoja dhidi ya jaketi.

Maziwa ya ngamia watu huyaweka kando kana kwamba sheria zake ni nyingine. Wauzaji wanaoyaleta kutoka upande wa Garissa watakuambia ni dawa, na kwamba ukiyachemsha unaiondoa dawa. Ni maziwa mazuri, yana ladha yake ya chumvichumvi, na wengine hawana uwezo wa kufuga kingine kwenye ukame ule. Lakini ngamia naye hushikwa na brusela. Kibuyu kilichofukizwa kwa moshi, na uchachu wenyewe, hupunguza baadhi ya vijidudu, na wazee waliogundua hivyo walikuwa na maarifa makubwa. Kupunguza si kumaliza. Brusela huweza kuishi ndani ya mtindi kwa siku kadhaa.

Friji pia. Friji huwalaza usingizi bakteria, haiwaui, na yuko mmoja, listeria, ambaye baridi haimlazi. Anaendelea kuzaana humo humo. Mama mjamzito akimpata, yeye anaweza kuhisi mafua tu, na mimba ikatoka. Kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee, na wenye mwili uliodhoofishwa na maradhi mengine, sina lugha ya kuzunguka: maziwa mabichi yasipite midomoni mwao.

Baada ya kuusifu moto hivi, lazima niseme kile ambacho moto hauwezi, kwa sababu hapa ndipo sisi tunaochemsha tunapojidanganya. Moto hauondoi aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Ng'ombe akilishwa mahindi yaliyooza, sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa na haichemki ikaisha. Moto hauondoi mabaki ya antibayotiki; ng'ombe akidungwa sindano, kuna siku kadhaa zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ambazo maziwa yake hayafai kuuzwa. Hauondoi dawa ambazo wachuuzi wasio waaminifu hutia ili maziwa yasichachuke njiani. Na hauondoi maji. Maji yanagunduliwa na laktometa, kile kibomba cha kioo kinachoelea: maziwa ni mazito kuliko maji, yakitiwa maji kibomba kinazama zaidi. Mambo haya manne hayajali kama wewe ni mtu wa mabichi au wa kuchemsha, na kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili kelele tunazozipoteza kwenye video.

Hapo ndipo neno "uchaguzi" linapoingia. Watetezi wa Marekani husema mtu mzima ana haki ya kuchagua anachokula, serikali isiingie jikoni kwake. Nchi zimejibu kwa njia tofauti. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 1987 kuuza maziwa mabichi kutoka jimbo moja hadi jingine, lakini ndani ya jimbo kila moja lina sheria yake, na mengi yanaruhusu kwa namna fulani. Uskoti ilipiga marufuku kuyauza mwaka 1983, huku Uingereza jirani yake ikiruhusu mkulima kuyauza mwenyewe kwa mteja, na onyo likiandikwa. Nchini Italia maziwa mabichi huuzwa kwenye mashine za kujipimia, na tangu 2008 mashine lazima iseme: chemsha kabla ya kunywa. Hili la Italia ndilo linalofanana na sisi.

Mimi naiheshimu haki hiyo ya kuchagua. Ila huwezi kuchagua usichokijua. Mkulima wa Uingereza anayeuza mabichi, ng'ombe wake wamepimwa kifua kikuu na brusela, maziwa yanapozwa papo hapo, anakaguliwa. Hata hivyo wateja wake bado huugua mara kwa mara. Huku kwetu lita moja mlangoni kwa khala inaweza kuwa imechanganywa kutoka maboma manne, ng'ombe kumi ambao hakuna aliyewapima. Anayesema "ni chaguo langu" hapo anachagua nini hasa? Na mjukuu wa khala hachagui chochote. Anafungua mdomo tu.

Wala sitaki hoja hii igeuzwe kuwa rungu la kuwapiga wachuuzi. Kila baada ya muda hutokea mtu akasema dawa ni kupiga marufuku maziwa yasiyo ya pakiti. Hilo lingewanyang'anya riziki kina mama wale, lingemnyima maziwa asiyemudu bei ya pakiti, na maziwa yangeendelea kuuzwa, ila kwa kujificha, jerikeni chini ya khanga. Kenya imewahi kujaribu njia ya busara zaidi. Kati ya 1997 na 2005, wizara iliyohusika na mifugo na watafiti, wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo wakiwemo, walifanya kazi na wachuuzi wadogo badala ya kuwafukuza, wakawafunza usafi na vipimo, na msimamo wa serikali ukalainika kuelekea kuwafunza na kuwapa leseni. Mchuuzi mwenye mafunzo na mkebe mzuri, na mteja mwenye sufuria, ni mnyororo unaoshika.

Turudi jikoni basi, maana na huko kuna makosa. Maziwa yakifura yameshaipita ile nyuzi 72 kwa mbali, kwa hiyo huna haja ya kuyatesa nusu saa. Wanaoyachemsha hadi yabadilike rangi wanapoteza ladha bure. Koroga yanapopanda, punguza moto, yaache yatokote dakika moja mbili, epua. Kosa linakuja baada ya hapo. Nilimwona jirani akichemsha vizuri kabisa, kisha akayarudisha kwenye jerikeni ile ile iliyokuja na mabichi. Mwingine huchota kwa kata ile aliyopimia mabichi. Mwingine humiminia mabichi ya leo juu ya yaliyopikwa ya jana ili malai yawe mengi. Maziwa yaliyochemshwa hayana mlinzi tena. Kijidudu kimoja kikirudi kinakuta nyumba tupu na chakula tele. Yafunike, sufuria ikae kwenye beseni la maji yapoe haraka, na kama huna friji yachemshe tena jioni au yageuze mtindi.

Khala alinisikiliza yote haya akiwa na sufuria mkononi. Alichouliza mwisho hakikuwa cha mjukuu. Aliuliza ile jerikeni itakuwaje. Siku ya tatu akawa ameshazungumza na majirani wawili, wakachangishana, wakanunua mkebe wa alumini wa lita kumi na tano wenye mdomo unaopitisha mkono hadi kwenye kiwiko, wakamkabidhi yule mama. Sasa mkebe huo ndio unaovuka na boti ya asubuhi. Kabla haujarudi Mokowe husuguliwa kwa brashi, maji ya moto na sabuni, kisha hupinduliwa barazani kwa khala, mdomo chini, jua likiupiga hadi saa sita.